Msimu mpya wa mbio: uvuke kwenda Naivasha, ufuate rali za nyumbani, au ukae na Formula 1?

Kila mwaka Krismasi ikishapita, simu yangu huanza kuita. Binamu yangu wa Moshi anataka kujua kama safari hii tunavuka Namanga kwenda Naivasha, Kenya, kutazama Safari Rally. Jirani yangu hapa Arusha, mwenye king'amuzi na kochi la kujinyoosha, anauliza kama nimeiona ratiba ya Formula 1. Fundi wangu wa gari, ambaye rali ya mkoani ikifika hugeuka mbeba spana wa timu, haniulizi kitu. Ananitajia tarehe tu, kama mtu anayetangaza harusi. Wote watatu ni wagonjwa wa mbio za magari, na ukiwaweka meza moja hubishana kuliko Simba na Yanga.

Nimeshamfuata kila mmoja wao kwa mwaka wake. Nimenyeshewa, nimekula vumbi, nimesinzia kwenye kochi. Kama nawe unaupigia hesabu msimu mpya na fedha haitoshi kufanya yote, haya ndiyo niliyoyaona.

Tupime kwa vigezo gani

Cha kwanza ni unachokiona hasa. Hapa wengi hujidanganya, kwa sababu kuona gari na kuona mbio ni vitu viwili. Ukisimama kando ya njia ya rali, gari hukupita kwa sekunde nne hivi. Unaliona, unalisikia, linakutikisa kifua, lakini hujui nani anaongoza. Ukiwa mbele ya runinga unajua nani yuko nyuma kwa sehemu ngapi za sekunde na kwa sababu gani, ila gari lenyewe linabaki kuwa picha. Jiulize wewe una njaa ya kipi kabla hujagusa akiba yako.

Cha pili ni gharama, na ndani yake natia usumbufu, maana kulala ndani ya gari nako kuna bei. Cha tatu ni muda: siku ngapi, na saa ngapi kwa saa zetu. Cha nne ni namna utakavyoufuata msimu mzima, kwa sababu mbio moja bila kujua kilichotangulia ni kama kuingia msibani bila kujua aliyefariki. Cha tano ni usalama, hasa kama utakuwa na watoto.

Safari Rally, Naivasha

Mashindano haya yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo sisi wa upande huu wa mpaka hatuendi ugenini kabisa. Mzee wangu alikuwa akisimulia walivyokesha barabarani na chupa ya chai wakisubiri taa za magari zitokeze. Enzi hizo njia ilizidi kilomita 5,000, na mashujaa walikuwa wa hapa hapa: Joginder Singh, "Simba wa Kenya", aliyeshinda 1965 kwa Volvo kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Baada ya ushindi wa Colin McRae mwaka 2002, Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia, WRC. Ilirudi 2021 ikiwa fupi, kilomita mia tatu na kitu za mashindano, nyingi zikizunguka Naivasha, Gilgil na Elmenteita. Toka irudi, miaka mitano ya kwanza yote kombe lilichukuliwa na Toyota: Sébastien Ogier 2021 na 2023, Kalle Rovanperä 2022 na 2024, Elfyn Evans 2025. Mwaka 2022 na 2023 Toyota walikamata nafasi ya kwanza hadi ya nne. Binamu yangu, anayeendesha Hiace, huona kama na yeye amepewa kikombe.

*Unachokiona.* Umefika saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Bonde la Ufa imekukaza mifupa. Jua linapanda, watu wanaongezeka, anapita muuza mahindi ya kuchoma, anapita muuza bendera. Kisha inasikika helikopta. Ukiisikia helikopta, simama, maana gari liko chini yake. Mbali unaliona vumbi kabla ya gari, linakuja kama moshi wa treni uliolala chini. Halafu mlio, halafu kitu chenye rangi kinatokeza kwenye kona kikiwa ubavu, mawe yanaruka, kimeshapita. Unabaki na vumbi. Wenyewe huliita fesh-fesh, na ni laini kama unga wa muhogo: linaingia kwenye pua, kwenye chapati, ndani ya chupa ya chai uliyoamini umeifunga. Ndiyo sababu magari ya huku hufungwa bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi karibu na paa, ili injini isinywe vumbi wala maji ya mto.

Unasubiri dakika kadhaa, linakuja la pili. Vigogo wakishapita huja madereva wa kwetu, na hapo ndipo kelele za watu huwa kubwa zaidi. Wengi huondoka baada ya magari kumi ya kwanza, nami huwa nawashangaa. Mwaka 2021 Mkenya Onkar Rai alimaliza wa saba kwa jumla. Mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 nyumbani kwake. Aliyeondoka mapema alikuja kuyasikia redioni.

Ila mbio zenyewe huzioni. Mwaka huo huo wa 2021 Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Asubuhi, steji (kipande cha njia kinachopimwa muda) ya Loldia ikamvunjia shokapu ya nyuma, na ushindi ukamwangukia Ogier. Sisi tuliokuwa Hell's Gate, hifadhi ya jirani na Naivasha, tukisubiri steji ya mwisho tulijua tu kwamba gari la Hyundai halijaja. Mtandao wa simu ulikuwa umelemewa na umati. Mtu mmoja nyuma yangu alimpigia mkewe Mombasa, aliyekuwa akitazama runinga jikoni, na yeye ndiye aliyetutangazia wote.

*Gharama.* Kutoka Arusha ni kilomita 270 hivi hadi Nairobi, kisha 90 hadi Naivasha, na wikiendi ya Safari hizo 90 zinaweza kukuchukua muda mrefu kuliko zote za mwanzo. Usisahau karatasi za mpakani na bima ya gari inayovuka mpaka. Vyumba vya Naivasha hupanda bei na huisha mapema, ndiyo maana wajanja hulala Gilgil au Nakuru. Mwaka mmoja nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeshailipia kwa simu ilitupokea kwa tabasamu na kutuambia chumba kina mtu. Tulilala ndani ya Noah, watu wanne, mmoja ana kikohozi. Kupiga hema kando ya ziwa ni nafuu, ila uliza kwanza kama kuna uzio, kwa sababu viboko hutoka usiku kula majani na hawana habari na hema lako.

*Muda.* Alhamisi hadi Jumapili. Zamani, baada ya kurudi, ilikuwa Juni. Tangu 2024 imehamia Machi, mvua za masika zinapoanza kunusa. Vumbi la asubuhi linaweza kuwa tope la mchana. Beba buti za mpira hata kama jua linawaka.

*Kuufuata msimu.* WRC huanzia Monte Carlo mwezi Januari, huenda kwenye theluji ya Sweden Februari, ndipo huja kwetu, na raundi zote ni kumi na kitu. Ukiishia Naivasha umeonja sahani moja tu. Zilizobaki unazifuata kwa Rally.TV, huduma ya kulipia mtandaoni, na rali ni ndefu, kwa hiyo bando litakwenda. Lakini kuna hadithi ya kutosha: Ogier alitwaa ubingwa wa tisa mwaka 2025 na kumfikia Sébastien Loeb, na Rovanperä, bingwa mara mbili akiwa bado kijana, aliamua kuacha rali na kwenda kwenye mbio za viwanjani. Mfumo wa pointi nao umefanya Jumapili isiwe ya kukimbizana na treni ya kurudi: mshindi hupata 25, aliyefanya vizuri zaidi Jumapili huongeza 5, na mshindi wa steji ya mwisho 5 nyingine.

*Usalama na familia.* Ulinzi upo, wasimamizi wapo, kamba zipo. Adui mkubwa kwa mtoto ni jua, kukaa muda mrefu bila choo cha maana, na foleni ya kurudi. Jambo jingine: kwa vijana wengi wa Nairobi hii ni "Vasha", neno lenye maana ya muziki hadi asubuhi. Wapo wanaokwenda, wanarudi, na hawajaona gari lolote zaidi ya Subaru ya rafiki yao yenye ekzosi iliyotobolewa. Kila mtu na starehe yake, ila ukiwa na watoto chagua kambi iliyo mbali na spika.

Inamfaa anayetaka kuona magari bora ya rali duniani kwa macho yake angalau mara moja, mwenye marafiki wa kugawana mafuta, na asiyenuna mipango ikiharibika.

Rali za nyumbani

Hapa nina maana ya raundi za ubingwa wa taifa na zile za ubingwa wa Afrika. Tanzania kuna Iringa, Morogoro, Tanga, Arusha na Moshi, kwenye njia za mashamba ya mkonge, kahawa na miwa. Kenya wana mzunguko wao wa mikoani. Uganda kuna Pearl of Africa, na nakuambia Waganda wanaipenda rali kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Rwanda kuna Mountain Gorilla Rally huko Bugesera. Popote unaposoma haya Afrika Mashariki, huenda kuna rali ndani ya masafa ya basi moja.

*Unachokiona.* Magari ni machache na ya rika mbalimbali: Lancer Evolution na Impreza ambazo zimeshabadilishiwa injini mara nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka, na Fabia au Fiesta chache za kisasa za wenye nazo. Hayaendi kama ya Naivasha. Lakini unaona kitu ambacho huko huwezi kukikaribia: kazi.

Mwaka juzi fundi wangu alinipitisha kwenye eneo lao la matengenezo, chini ya mti wa mwembe pembeni ya shamba. Gari liliingia gurudumu la mbele kulia likiwa limelala, kama mguu wa mtu aliyeteguka. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alishateleza chini juu ya kipande cha boksi, bolti mbili mdomoni. Mwingine alishika taa ingawa ilikuwa mchana. Dereva alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anakula ndizi, na msoma ramani wake, binti mdogo aliyevaa miwani, alisimama na saa mkononi akihesabu dakika kwa sauti ya chini: kumi na moja, kumi. Kila dakika ya kuchelewa kuripoti ni sekunde kumi za adhabu. Zilipobaki tatu, yule wa chini alitema bolti ya mwisho kwenye kiganja, akakaza, akatoka. Gari likaondoka. Ndipo watu wakaanza kuzungumza.

Kwa jambo hili peke yake ningekushauri uende hata mara moja. Unaelewa kwamba rali ni ya watu wawili ndani ya gari na sita nje yake. Unaelewa yale madaftari: siku za kabla ya mashindano hupita njia taratibu wakiandika kila kona, ukali wake, jiwe lililojificha, kisha siku yenyewe mmoja husoma na mwingine huamini. Ukiwa na adabu na hukanyagi vifaa vyao, watakueleza.

*Gharama.* Nauli, maji, chakula cha kubeba. Kutazama njiani mara nyingi ni bure. Chumba katika mji wa kawaida hakibadiliki sana bei kwa sababu ya rali.

*Muda.* Jumamosi na Jumapili, tena mara nyingi Jumapili saa saba mchana mambo yamekwisha. Tatizo ni kwamba tarehe husogea. Raundi inaweza kuahirishwa kwa mvua, kwa udhamini, kwa shughuli ya kitaifa. Steji iliyotangazwa kuanza saa tatu ikaanza saa tano usishangae. Thibitisha kwa klabu inayoandaa siku mbili kabla hujakata tiketi.

*Kuufuata msimu.* Hapa ndipo penye udhaifu. Matokeo huja kwa kuchelewa, na mara nyingine kwa picha ya karatasi iliyosambazwa WhatsApp. Lakini ukishawajua wahusika, utamu wake ni wa mtaani kwenu: yule mwenye karakana pale njia panda ndiye anayeshindana na mwenye shamba la kahawa. Na ngazi ya kupandia ipo. Charles Muhangi wa Uganda alikuwa bingwa wa Afrika 1999. Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa Uganda 2011, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Manvir Baryan wa Kenya aliushika ubingwa wa Afrika miaka mitatu mfululizo, 2017 hadi 2019, na Karan Patel akauchukua 2023. McRae Kimathi, ambaye jina lake lilitokana na yule Colin McRae, alitoka kwenye rali za Kenya akaenda kuendesha kwenye theluji ya Sweden mwaka 2022. Aliyemwona akianza ana cha kusimulia.

*Usalama.* Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kamba ni chache na wasimamizi ni wachache. Usisimame upande wa nje wa kona hata kama wengine mia wamesimama. Gari likishindwa kupinda huko ndiko linakoelekea. Usisimame bondeni chini ya njia. Tafuta mahali palipoinuka, pawe na upenyo wa kukimbilia nyuma yako. Usikae chini wakati gari linasikika, na usiipe njia mgongo baada ya gari moja kupita, kwa sababu la pili haliko mbali. Usivuke. Watoto washikwe mkono, si waambiwe tu. Mbwa na mbuzi wa kijijini ni hatari sawa na gari, na wenyeji hujua wapi hupenda kuvuka, kwa hiyo sikiliza mzee wa pale akikwambia sogea.

Inamfaa mwenye hamu ya kujifunza, fundi, mwanafunzi wa ufundi, mzazi, na yeyote anayetaka kumjua dereva kwa jina lake la nyumbani.

Formula 1 kwenye runinga

Nasema runinga kwa sababu Afrika haijaandaa Formula 1 tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Rwanda ilitangaza nia yake Desemba 2024, Rais Kagame mwenyewe akisema hivyo mkutano wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ulipofanyika Kigali, nasi tunasubiri. Aliyeko Muscat, Dubai au Doha ana bahati yake: Abu Dhabi, Qatar, Bahrain na Jeddah zote zimeshaandaa, na kwa Waswahili wa Ghuba hilo ni jambo la wikiendi. Sisi wengine ni kochi.

*Unachokiona.* Mbio. Zote, toka mwanzo hadi mwisho, kilomita 305 au zaidi kidogo, isipokuwa Monaco ambayo ni fupi. Watu husema ni magari yanayozunguka tu, na nilikuwa mmoja wao mpaka jirani yangu aliponifundisha kutazama matairi. Yenye mstari mwekundu ni laini: yanashika sana, yanaisha haraka. Ya njano ni ya kati. Meupe ni magumu. Njia ikiwa kavu, kila dereva lazima atumie angalau aina mbili, maana yake lazima asimame walau mara moja. Kubadilisha matairi yote manne ni sekunde mbili hadi tatu, lakini kupita kwenye njia ya karakana kunakugharimu ishirini au zaidi.

Sasa fikiria dereva wa pili, amebanwa nyuma ya wa kwanza, hapiti. Timu yake inamwita mapema. Anatoka na matairi mapya, anakimbia mzunguko mmoja au miwili kama mwizi, wakati yule wa mbele bado anaburuza ya zamani. Wa mbele akija kusimama na kutoka, anamkuta mwenzake ameshampita bila kumgusa. Ukishalielewa hilo, muda wote unahesabu kichwani. Jirani yangu huandika kwenye kipande cha karatasi kilichofungiwa maandazi.

Ila husikii mlio ule kifuani, na hutapata vumbi kwenye chai. Wapo wanaoona hiyo ni sifa.

*Gharama.* Kifurushi cha king'amuzi chenye chaneli za michezo, mwezi baada ya mwezi. Ukijumlisha kwa msimu, Machi hadi Desemba, unaweza kukuta umelipa zaidi ya safari moja ya Naivasha. Watu hawapigi hesabu hii kwa sababu fedha hutoka kidogo kidogo. Ukigawana na jirani, kama ninavyofanya kwa kumpelekea soda, ndiyo njia rahisi kuliko zote.

*Muda.* Kufuzu, yaani kugombea nafasi za kuanzia, ni Jumamosi, kwa muda wa saa moja. Mbio Jumapili, si zaidi ya saa mbili kama hazikusimamishwa. Australia na Japani ni asubuhi, kabla au wakati wa ibada. Singapore ni saa tisa alasiri. Brazil ni saa mbili usiku. Mbio nyingi za Ulaya huanza saa kumi jioni, na hapo ndipo balaa, kwa sababu ligi ya Uingereza nayo huchezwa Jumapili saa hizo hizo. Siku moja mwishoni mwa Agosti king'amuzi cha jirani kiligoma, nikakimbilia kibanda umiza nikamwomba mwenyewe atuwekee mbio za Uholanzi kwenye ile runinga ndogo ya pembeni. Alinitazama kama nimemwomba mkopo. Kama huna skrini yako, hesabu kwamba kuanzia Agosti hadi Mei utashindana na mpira, na utashindwa.

*Kuufuata msimu.* Hakuna kinachoishinda kwa hili. Kalenda ya 2024 na ya 2025 zilikuwa na mbio 24 kila moja, na za 2025 ziliisha Lando Norris akimpiku Max Verstappen kwenye ubingwa kwa pointi mbili tu, katika mbio za mwisho, Abu Dhabi. Lewis Hamilton yuko Ferrari. Na kwa anayetaka kuanza, msimu wa 2026 ni mlango mzuri: kanuni zimebadilishwa, magari yamekuwa madogo na mepesi zaidi, karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme, Audi wameichukua Sauber na Cadillac wameingia kama timu ya kumi na moja. Mgeni na mkongwe wote wanaanza kujifunza upya.

*Usalama na familia.* Hapa sina la kusema zaidi ya kugombania rimoti.

Inamfaa anayependa hesabu na mbinu, mwenye kazi isiyompa likizo, mwenye watoto wachanga, na mwenye jirani mwenye king'amuzi.

Vya pembeni

Wakenya wana Rhino Charge, inayofanywa karibu na Juni mosi tangu 1989 kuchangia uhifadhi: magari hupewa saa kumi kufika vituo 13 porini, na anayeshinda ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia. Ni uchizi mtupu, na mahali penyewe hutajwa dakika za mwisho. Mpenzi wa magari ya kale asubiri East African Safari Classic, inayorudisha Datsun na Porsche za zamani kwenye njia za Afrika Mashariki. Dakar, ambayo iko Saudi Arabia tangu 2020, hufungua mwaka mwezi Januari, na ni nzuri kuitazama kwa muhtasari wa usiku.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kuona gari la rali likipita na una uwezo wa safari moja tu mwaka huu, nenda Naivasha, lakini panga mwezi Januari, lipa chumba kwa mtu unayemjua, na uchague steji mbili tu. Kukimbiza steji zote ni kuona foleni zote.

Kama umeshakwenda Naivasha mara mbili na ulichokumbuka zaidi ni kelele, badilisha. Fedha ile ile itakupeleka rali tatu za mikoani, na moja yake unaweza kuifanya Uganda.

Kama kazi yako ni ya zamu, au uko kwenye miezi ya kulea, chukua Formula 1 na usijilaumu. Jumamosi muda wa saa moja, Jumapili muda wa saa mbili, basi. Ukikosa, marudio yapo.

Kama unasoma ufundi wa magari, usipoteze hata senti kwenye kifurushi. Tafuta klabu ya karibu, jitolee kubeba maji na matairi. Kijana mmoja aliyeanza hivyo kwenye timu ya fundi wangu sasa ndiye anayelala juu ya boksi.

Kama fedha ipo lakini mwenza wako hapendi mbio, Naivasha ina ziwa, Hell's Gate ya kuendesha baiskeli siku nyingine, na samaki. Mwambie ni likizo. Mwambie ukweli Ijumaa.

Na kama una mtoto wa miaka kumi anayechora magari nyuma ya daftari la hisabati, mpeleke rali ya nyumbani. Fika eneo la matengenezo Jumamosi mchana, magari yanapoingia, na kofia na maji ya kutosha. Simameni pembeni, msiguse kitu. Dereva akimaliza ndizi yake, muombe amruhusu akae kwenye kiti dakika moja. Wengi hukubali. Binti yangu alikaa, akashika usukani kwa mikono miwili, akauliza pembe ya honi iko wapi.

Haikuwepo, na hajanisamehe.